Kosa la Kasisi Lisivunje Ndoa ya Watu

Mwezi wa Disemba uliopita nilipigiwa simu kutoka Philadelphia, nchini Marekani. Aliyenipigia ni binti niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, na ambaye hivi leo ni muuguzi katika mji huo. Baada ya kunijulia hali, na baada ya kuniuliza kama ningali ninawagombeza wanafunzi juu ya upatanisho wa kisarufi, alinifunulia kilichomfanya apige simu. Alikuwa ameposwa. Mchumba wake ni mzaliwa wa Wundanyi kama yeye, ingawa walikutania huko huko ughaibuni. Arusi itafanyika mwezi wa Agosti, na kwa kuwa alikuwa amepata habari kwamba wakati huo nitakuwa New Jersey kumzuru mwanangu, alikuwa na ombi.

"Mwalimu," akasema, "tumekubaliana kwamba wewe ndiwe utakayetufungisha ndoa."

Nilimkumbusha kwamba mimi si kasisi wala sijapata kuwa. Mimi ni mwumini wa kawaida, tena wa viti vya nyuma. Akacheka. Akanieleza kwamba jambo hilo halina uzito wowote, kwani kuna makanisa yanayomtawaza mtu kupitia mtandao. Unaandika jina lako na anwani yako, unabonyeza mahali fulani, na kabla chai haijapoa umekwisha kuwa kasisi. Rafiki zake watatu walifungishwa ndoa na watu waliotawazwa kwa njia hiyo, mmoja wao akiwa dereva wa lori.

Jioni hiyo nilimwita mjukuu wangu, akanifungulia ukurasa wenyewe. Ilikuwa kama alivyosema yule binti. Hapakuwa na mtihani, wala swali juu ya imani yangu, wala mtu wa kuniwekea mikono kichwani. Niliyaandika majina yangu yote mawili. Ilisalia kubonyeza tu. Hapo ndipo kidole kikasita, na nikamwambia kijana auzime ule mtambo, nikafikiri kwanza.

Wasomaji wasidhani kwamba nilisita kwa uchaji pekee. Ni kweli kwamba nimekulia mahali ambapo mtu husoma miaka minane au tisa seminarini kabla ya kuitwa padri, na ambapo mchungaji asiyejulikana alikosomea hutiliwa shaka. Lakini swali lililonishika lilikuwa la kidunia zaidi. Nilijiuliza: je, ikiwa mimi si kasisi machoni pa sheria, yule binti atakuwa mke wa nani?

Nimelichunguza suala hilo tangu siku ile. Niliyoyapata yanawahusu watu wengi zaidi ya mwanafunzi wangu mmoja, maana vijana wetu walioko Marekani wanaoana huko kila Jumamosi, na vyeti vyao vinarejea nyumbani pamoja nao.

Chimbuko la mambo haya ni mji wa Modesto katika jimbo la California. Huko aliishi mhubiri mmoja aliyeitwa Kirby Hensley, mtu ambaye hakuwa na kisomo, na ambaye alianza kuhubiri katika gereji ya nyumba yake. Mwaka 1962 alilisajili kanisa lake kwa jina la Universal Life Church. Fundisho lake lilikuwa fupi mno: kila mtu na atende lililo haki, naye ndiye atakayejiamulia haki hiyo ni ipi. Aliyetaka kuwa kasisi aliandika barua, naye akatumiwa cheti kwa posta. Wakati wa vita vya Vietnam vijana wengi waliviomba vyeti hivyo, wengine wakitumaini kwamba vingewaepusha kuandikishwa jeshini. Hensley alifariki mwaka 1999, lakini alipofariki mtandao ulikuwa umekwisha kuingia, na lililokuwa likifanywa kwa stempu likaanza kufanywa kwa kidole. Kanisa hilo, pamoja na mengine yaliyochipuka kutoka kwake au kando yake, husema kwamba yamewatawaza mamilioni ya watu.

Unaweza kulicheka kanisa la namna hiyo. Mimi nililicheka. Ila serikali ya Marekani haina ruhusa ya kulicheka, na hapo ndipo penye fundo la hadithi hii. Katiba yao, kwa rekebisho lililoidhinishwa mwaka 1791, inakataza kuwekwa kwa dini ya taifa na inalinda uhuru wa kuabudu. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri la watu waliojidai kuponya wagonjwa, kwamba si kazi ya mahakama kupima kama imani ya mtu ni ya kweli au ya uongo. Mwaka 1974 jaji mmoja wa California, akisikiliza mgogoro wa kodi baina ya kanisa la Hensley na serikali, alikataa vilevile kuipima imani yao kwa mizani ya dola.

Hata hivyo, kila jimbo lina sheria yake ya ndoa, na nyingi kati ya sheria hizo ziliandikwa zamani, wakati ambapo kila mtu alimjua kasisi wa mtaa wake. Zinasema, kwa mathalan, kwamba ndoa itafungishwa na mhudumu wa dini, au na mhudumu mwenye ushirika anaoutumikia. Walioziandika hawakuota kwamba siku moja dereva wa lori angekuwa mhudumu wa dini akiwa kwenye kituo cha mafuta. Basi majaji wameachiwa kazi ya kuziba pengo, nao wameliziba kila mtu kwa udongo wake.

Huko Virginia, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliunga mkono hatua ya kuwanyima makasisi wa kanisa hilo idhini ya kufungisha ndoa. Katika North Carolina lilizuka shauri la ajabu zaidi. Mwanamume mmoja alishtakiwa kwa kuoa mke wa pili ilhali ndoa ya kwanza haikuwa imevunjwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya jimbo ilimwachilia. Kwa nini? Kwa sababu ndoa ya kwanza ilifungishwa na mwumini wa kawaida wa Kanisa Katoliki, mtu aliyekinunua cheti cha ukasisi kwa posta kwa dola 10, na kwa hivyo mahakama ikasema kwamba haikuthibitishwa kuwa ndoa halali. Msomaji na atulie hapo kidogo, amfikirie yule mke wa kwanza. Aliolewa mbele ya watu, akaishi na mume wake, kisha akajikuta mahakamani akielezwa kwamba sheria haiitambui arusi yake. Na aliyenufaika na kasoro hiyo ni yule yule mwanamume aliyemwacha akaenda kuoa kwingine. Bunge la jimbo lilishtuka, na mwaka 1981 likapitisha sheria ya kuzihalalisha ndoa za namna hiyo zilizokuwa zimekwisha kufungwa kabla ya tarehe 3 Julai mwaka huo. Waliofunga baadaye waliachwa wajihadhari wenyewe.

Mississippi waliamua kinyume. Mwaka 1988, katika shauri la wosia, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliikubali ndoa iliyofungishwa na kasisi wa Universal Life Church. Mwaka uliofuata mahakama moja ya rufaa katika jimbo la New York ikaikataa ndoa ya aina hiyo hiyo.

Utah walijaribu kulimaliza jambo hilo kwa sheria. Mwaka 2001 walipiga marufuku ndoa zinazofungishwa na watu waliotawazwa kwa posta au kwa mtandao. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikaitangua marufuku hiyo kwa hoja ninayoipenda kwa wepesi wake: ikiwa mtu aliyetawazwa kwa simu au kwa faksi anaruhusiwa, ni sababu gani ya maana inayomzuia aliyetawazwa kwa kompyuta? Tennessee nao wakaandika sheria kama hiyo mwaka 2019. Jaji wa shirikisho aliizuia isitekelezwe kabla ya kesi kusikilizwa, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikashughulika zaidi na swali la nani ana haki ya kumshtaki nani kuliko swali lenyewe la makasisi.

Sasa nije Pennsylvania, anakoishi mwanafunzi wangu. Mwaka 2007 jaji wa kaunti ya York aliitangaza ndoa moja kuwa batili kwa sababu aliyeifungisha alikuwa ametawazwa kwa mtandao na hakuwa na ushirika wala mahali pa ibada anapopahudumia. Habari hizo zilitia hofu katika nyumba nyingi, maana kulikuwa na wanandoa wasiojulikana idadi waliofungishwa kwa njia hiyo. Mwaka 2008 jaji wa kaunti ya Bucks, kaunti inayopakana na Philadelphia, akatoa uamuzi ulio kinyume kabisa. Yaani ndani ya jimbo moja, chini ya sheria moja, mtu anaweza kuendesha gari saa mbili akatoka mahali ambapo ni mume akafika mahali ambapo ni kapera.

Nimeyapanga mashauri haya ili walimu wenzangu wanaofundisha Historia na Serikali wapate cha kuwapa wanafunzi katika mijadala. Lakini nayasimulia kwa sababu nyingine pia. Tazameni ni wakati gani swali la ukasisi huulizwa. Haliulizwi siku ya arusi, watu wanapokula pilau na kupiga picha. Huulizwa miaka kumi baadaye, mmoja anapotaka kukwepa kulipa masurufu, au ndugu wa marehemu wanapoinyemelea mali, au mwenye wake wawili anapotafuta mlango wa kutokea. Aliyelificha jambo au aliyelipuuza hapati hasara yoyote. Anayeipata ni yule aliyeamini. Na kwa kawaida, huko kama hapa, huyo ni mke, au mjane, au yule ambaye jina lake halimo kwenye hati ya nyumba.

Ndiyo maana nasema kwamba majimbo yanayopambana na makasisi wa mtandao yameikamata nyoka kwa mkia. Wanauliza: je, huyu ni kasisi wa kweli? Swali hilo halina jibu ambalo hakimu anaweza kulitoa bila ya kujigeuza askofu. Petro alikuwa mvuvi. Wahubiri wengi waliotuletea Injili vijijini hawakuwa na cheti cha chuo chochote. Kule Pwani walimu wetu wa madrasa, ambao wameozesha vizazi na vizazi, walipokea ilimu kwa kukaa mbele ya masheikh wao, si kwa kuhitimu mahali penye mhuri. Hakimu akianza kusema cheti cha dola 10 hakitoshi, itambidi aseme ni cha dola ngapi kinachotosha.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, unasema hivyo baada ya Shakahola? Hilo ni swali zito, na sitalipita upesi. Mwaka 2023 tulifukua zaidi ya miili 400 katika msitu ule wa Kilifi, na kila Mkenya aliuliza ni vipi mtu aliweza kujiita mchungaji, akawaongoza watu hadi makaburini. Jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi liliundwa kuangalia namna ya kuzisimamia taasisi za kidini, likatoa ripoti yake mwaka 2024. Mimi naunga mkono usimamizi. Lakini kule Shakahola kilichohitaji mkono wa serikali kilikuwa vitendo: watoto kunyimwa chakula, watu kufa, polisi kupewa taarifa. Hatia haikuwa upungufu wa elimu ya dini. Mtu mwenye shahada tatu za theolojia angetenda yale, angestahili pingu zile zile. Dola na iadhibu tendo. Kupima wito si kazi yake, na kila ilipojaribu kuupima katika nchi yoyote ile, wanyonge wa dini ndogo ndio waliokuwa wa kwanza kuumia.

Katika ndoa, basi, dola inatafuta nini hasa? Inataka kujua kwamba wawili hawa wana umri unaokubalika, kwamba hawana udugu unaowakataza kuoana, kwamba hakuna mmoja wao aliye na mume au mke mwingine kwa siri, na kwamba kila mmoja amekubali kwa hiari yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitishwa na kanzu ya kasisi. Huko Marekani yote huangaliwa na karani wa kaunti kabla ya kutoa leseni ya ndoa. Hapa Kenya tunatoa notisi ya siku zisizopungua 21, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ulinzi uko pale kwenye meza ya karani. Kasisi hushuhudia, huombea, na hutia sahihi.

Dini zenyewe zinalifahamu hili kuliko wanasheria. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, nguzo za nikahi ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la ijabu na kabuli. Sheikh anayesoma hutuba ana heshima yake, lakini si nguzo. Kanisa Katoliki la Roma linafundisha kwamba bwana na bibi arusi wenyewe ndio wanaopeana sakramenti. Padri anahitajika awe shahidi rasmi wa Kanisa, sharti lililowekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Tena kanuni ya 144 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inatamka kwamba pale jumuiya inapodhani kwa pamoja kwamba mhudumu ana mamlaka, ilhali hana, Kanisa lenyewe hulijaza pengo, na kanuni hiyo inahusu mamlaka ya kufungisha ndoa pia. Ikiwa Roma, ambako taratibu hazina mzaha, wameona kwamba si haki kuwaadhibu waumini kwa upungufu wa mhudumu, jimbo la kidunia lina udhuru gani?

Huenda ikawashangaza wasomaji nikisema kwamba jawabu zuri zaidi nimelipata katika Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014. Sisi tumezoea kuzilaumu sheria zetu, na mara nyingi tuna haki, ila hapa tunastahili kujipongeza. Sheria hiyo inadai kwamba mhudumu wa dini awe na leseni ya Msajili wa Ndoa. Kutawazwa na kanisa hakutoshi, liwe kanisa la mtandao au kanisa kuu lenye kengele na vioo vya rangi. Ukikosa leseni, huna mamlaka ya kisheria, hata ukiwa askofu. Kwa hivyo dola haimuulizi mtu Mungu alimwita vipi. Inamuuliza kama ameandikishwa.

Na je, mtu asiye na leseni akifungisha ndoa hata hivyo? Sheria inasema kwamba muungano huo si ndoa ikiwa wote wawili, kwa kujua na kwa makusudi, walimruhusu mtu asiye na mamlaka awafungishe. Neno kubwa hapo ni "wote wawili". Ikiwa bibi arusi aliamini, kasoro ya kasisi haitoshi kumvua ndoa yake. Hata bwana arusi akiwa mjanja, akamleta binamu yake amevaa kola nyeupe, ujanja wake hautamfaa siku ya talaka. Wazo hili halikuanza mwaka 2014. Lilikuwamo katika sheria ya zamani ya ndoa tuliyorithi kutoka kwa Waingereza. Huko Marekani baadhi ya majimbo, Montana likiwa mojawapo, yana kifungu kinachofanana nacho, kinachoilinda ndoa ikiwa angalau mmoja wa wanandoa aliamini kwamba mfungishaji alikuwa na mamlaka. North Carolina wangekuwa nacho mwaka 1980, yule mwanamume asingetoka mahakamani akitembea kwa madaha.

Sisemi kwamba mambo yetu yamenyooka. Wachungaji wasio na leseni wapo tele, na wengine leseni zao hazijulikani ziliko. Wanandoa wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba waonyeshwe leseni hiyo kabla ya siku yenyewe. Na sheria kuitambua ndoa yako ni jambo moja, kupata cheti chako ni jambo jingine: nimewaona wajane wakitembea na albamu ya picha za arusi kutoka ofisi hadi ofisi, kwa sababu mchungaji hakuzipeleka hati kwa Msajili. Mahakama zetu zilikuwa na desturi ya kuwasaidia watu kama hao kwa kuichukulia ndoa kuwa ipo pale watu walipoishi pamoja muda mrefu. Ila mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilionya kwamba ndoa ya kudhaniwa itumike kwa nadra. Mlango huo umekuwa mwembamba. Mjane mwenye albamu hawezi kuutegemea tena.

Kwa wenzetu walioko ng'ambo hatari ni kubwa zaidi, kwani sheria yetu huitambua ndoa iliyofungwa nchi ya nje ikiwa ilifungwa kulingana na sheria ya nchi hiyo. Maana yake ni kwamba wakwe wenye tamaa wakifika mahakamani huku Voi kugombania shamba, wakili wao anaweza kuuliza: je, kwa sheria ya Pennsylvania, yule dereva wa lori alikuwa mhudumu wa dini? Na hakimu wetu, maskini, atakuwa na hukumu ya York katika mkono mmoja na hukumu ya Bucks katika mkono wa pili.

New York, baada ya kuhangaika miaka mingi, wamepata njia ambayo naiona ya busara. Tangu mwezi wa Machi 2023, mtu yeyote mzima anaweza kuomba idhini ya siku moja ya kufungisha ndoa moja, kwa ada ya dola 25. Shangazi, rafiki, mwalimu wa zamani, yeyote. Hahitaji kujisingizia ukasisi. Nina hakika kwamba wengi wanaobonyeza ule ukurasa wa mtandao hawataki kuwa makasisi. Wanataka tu kumsimamia mpendwa wao siku yake kubwa, na sheria imewalazimisha kuvaa kanzu isiyo yao. Ukiwapa mlango wa haki, ule wa uani utafungika wenyewe. Bunge letu nalo lingeweza kulifikiria hilo, wakati wanasiasa wetu watakapopata nafasi.

Pennsylvania hawana idhini ya siku moja. Lakini wana kitu kingine, na nilipokigundua nilicheka peke yangu mezani. Jimbo lile lilianzishwa mwaka 1681 na William Penn, mfuasi wa madhehebu ya Marafiki, wale wale waliofika Kaimosi mwaka 1902 na ambao wana waumini wengi zaidi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Marafiki wa asili hawakuwa na makasisi. Wawili walisimama mbele ya mkutano, wakaahidiana, waliohudhuria wakatia sahihi, basi. Mpaka leo jimbo hilo hutoa leseni ya namna hiyo: wanandoa wanajifungisha wenyewe mbele ya mashahidi wawili, bila ya mfungishaji. Mwaka 2007 mahakama ya shirikisho iliiagiza kaunti ya Allegheny iwape leseni hiyo hata watu wasio wa dini hiyo. Mwaka huo huo wa 2007, mahali pamoja katika jimbo hilo ndoa ilivunjwa kwa kuwa kasisi wake hakutosha, na mahali pengine watu wakathibitishiwa kwamba hawahitaji kasisi hata kidogo!

Nilimpigia simu yule binti, nikamweleza hayo yote. Nikamwambia kwamba kidole changu hakitabonyeza, na kwamba sababu yake si kumdharau yeye wala kanisa lile, bali sitaki jina langu liwe ufa ambao mtu atautumia siku moja kumwondoa katika nyumba yake. Nikamshauri waombe leseni ya kujifungisha wenyewe. Nitasimama mbele yao, nitasema maneno machache ya kizee, kisha nitatia sahihi kama shahidi.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba yeye na mchumba wake hawana neno, ila kuna mama yake. Mama yuko Wundanyi, ni mshiriki mkongwe wa kanisa, na jambo la kwanza alilouliza ni cheti kitakuwa na jina la kasisi gani. Atamwelezaje kwamba hakitakuwa na jina la kasisi yeyote, na kwamba kwa hilo ndoa itakuwa na nguvu zaidi?

Nimemwahidi kwamba nitapanda matatu likizo ya Aprili niende mwenyewe kumweleza mama.